KISUKARI NA NJIA ZA DAMU

Ndugu msomaji, huenda umewahi kupeleka mzigo Kariakoo. Kama umewahi, basi bila shaka umepita Gerezani. Gerezani iko ubavuni mwa Kariakoo, katikati ya jiji la Dar es Salaam. Siku hizi ndipo kilipo kituo kikubwa cha mabasi yaendayo haraka. Kwa miaka mingi mahali hapo pamejulikana kwa mafundi wa bati na chuma, na kwa vipuri vya magari. Majiko mengi ya mkaa yametengenezwa hapo.

Mahali penye mafundi wa bati hapakosi vipande vya bati chini. Hapakosi misumari wala nyaya. Mtu mwenye afya akikanyaga msumari hupiga kelele. Huinua mguu, huchomoa msumari, huosha kidonda. Baada ya siku kadhaa amepona.

Lakini wako watu wanaokanyaga msumari huohuo na hawapigi kelele. Hawausikii. Wanatembea nao ndani ya kandambili mchana kutwa. Jioni wanapovua ndipo wanaona damu. Kidonda chao hakifungi wiki ya kwanza, wala ya pili, wala mwezi. Wengine hukatwa kidole. Wengine hukatwa mguu.

Wengi wa watu hao wana ugonjwa wa kisukari. Jirani zao husema wamerogwa, au wana damu mbaya. Hawakurogwa. Leo tutaeleza jinsi sukari nyingi inavyoharibu njia za damu, na jinsi mgonjwa anavyoweza kuzilinda njia hizo.

DAMU INAPITA WAPI?

Moyo ni pampu. Unasukuma damu usiku na mchana. Damu hutoka moyoni kwa mshipa mkubwa, mnene kama dole gumba. Mshipa huo hugawanyika, kama mfereji mkuu wa shamba la mpunga unavyogawanyika na kuwa mifereji midogo. Mwishoni kabisa kuna vishipa vyembamba kuliko unywele. Humo chembe nyekundu za damu hupita moja moja, kama watu wanaovuka daraja la gogo.

Ni katika vishipa hivyo vidogo kazi yenyewe inafanyika. Damu inatoa hewa safi na chakula, inachukua uchafu, inarudi. Mahali ambapo damu haifiki vizuri, mwili una njaa. Kama ni kwenye kidonda, kidonda hakina cha kujijengea nyama mpya.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Mshipa wa damu si kama bomba la chuma. Una uhai. Ndani yake una utando laini sana. Utando huo ndio unaouambia mshipa upanuke au ujibane. Ukianza kutembea, misuli ya miguu inataka damu nyingi, na mishipa yake inapanuka. Ukijikata, damu inapelekwa kwa wingi mahali hapo. Ndiyo maana kidonda kipya hupata joto. Ni dalili kwamba msaada umefika.

SUKARI INAFANYA NINI?

Sukari katika damu si adui. Ni kuni za mwili. Ugali, wali, muhogo, viazi, ndizi na mkate vikifika tumboni husagwa na kuwa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu. Halafu kiungo kiitwacho kongosho, kilicho nyuma ya tumbo la chakula, hutoa dawa ya asili iitwayo insulini. Kazi ya insulini ni kama ya wachukuzi wa Kariakoo. Wachukuzi hutoa magunia barabarani na kuyaingiza ghalani. Insulini hutoa sukari katika damu na kuiingiza ndani ya nyama ya mwili, ikatumike.

Kwa mgonjwa wa kisukari wachukuzi wamepungua, au hawapo, au wapo lakini milango ya ghala ni migumu kufunguka. Watoto na vijana wengi wenye kisukari hawana insulini kabisa, na lazima wachomwe sindano ya insulini kila siku ili waishi. Watu wazima wengi wanayo, lakini haitoshi au haifanyi kazi yake vizuri. Kwa wote sukari inabaki barabarani, yaani katika damu.

Usifikiri kwamba sukari hiyo inaziba mishipa kama takataka zinavyoziba mtaro. Sivyo. Sukari imeyeyuka, inapita. Ubaya wake ni kwamba inanata. Umewahi kumenya muwa ukaacha kunawa? Vidole vinagandana. Ndani ya mwili sukari nyingi hunata kwenye kuta za mishipa na kwenye chembe za damu. Siku moja si kitu. Lakini miaka mitano, kumi, kuta zinakuwa nene na ngumu. Ule utando laini unaharibika. Mshipa ukiambiwa upanuke, haupanuki tena kama zamani. Damu nayo inakuwa nyepesi kuganda mahali pasipotakiwa. Katika mishipa mikubwa mafuta hupata mahali pa kujishika, na hapo ndipo njia huzibika kweli.

Kuna na jambo la siku hiyohiyo. Sukari ikipanda sana, mwili huitoa kwa mkojo, na maji mengi hutoka pamoja nayo. Mgonjwa anakojoa mara nyingi, ana kiu isiyokwisha, mwili unakauka. Damu iliyopungukiwa maji inakuwa nzito. Katika joto la Dar es Salaam, kwa mtu anayesukuma mkokoteni juani, hali hiyo huja haraka.

Na mishipa ya fahamu? Mishipa ya fahamu ndiyo inayopeleka habari za maumivu. Nayo inalishwa na vishipa vidogo vya damu. Sukari nyingi inaiharibu yenyewe, na inaharibu vishipa vinavyoilisha. Iliyo mirefu kuliko yote ni ile inayofika nyayoni, na ndiyo inayoumia kwanza. Mgonjwa huanza kuhisi kama sisimizi wanatembea miguuni, au moto unawaka usiku. Baadaye panakuwa na ganzi. Wengine hufurahi hapo, wakidhani maumivu yamepona.

Kumbe mgonjwa wa kisukari aliyekanyaga msumari wetu wa Gerezani ana hasara tatu kwa pamoja. Hakusikia, kwa sababu ya ganzi. Damu ya kutosha haifiki kwenye kidonda. Na chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, hufanya kazi kwa uvivu damu inapokuwa na sukari nyingi, kwa hiyo vijidudu vinajilia vitakavyo.

Mguu ni mfano mmoja tu. Vishipa vidogo viko pia nyuma ya jicho, na vikiharibika mtu hupofuka. Viko katika figo. Mishipa mikubwa iliyoziba huleta kiharusi na ugonjwa wa moyo. Lakini leo tubaki na mguu.

SI UGONJWA WA MATAJIRI WA MJINI

Katika miaka ya 1980 madaktari walipima watu wazima wa vijiji sita vya Tanzania. Matokeo yalitangazwa mwaka 1989. Walikuta kisukari kwa mtu kama 1 tu kati ya watu wazima 100. Mwaka 2012 walipimwa watu wa nchi nzima, mijini na vijijini, wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Safari hiyo walikutwa watu 9 kati ya 100. Njia za kupima za nyakati hizo mbili hazikufanana kila kitu. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno, haiwezi kupuuzwa. Tunakula zaidi vyakula vya kukaangwa na soda, tunatembea kidogo, na tunanenepa.

Madaktari wa Dar es Salaam wameandika mengi kuhusu miguu ya wagonjwa hawa. Mwaka 2005 Dakta Zulfiqarali Abbas na wenzake walitangaza habari ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Ndiyo, panya! Mtu mwenye ganzi haamki panya anapomtafuna kidole. Anaamka asubuhi, anaona damu kwenye shuka. Usicheke, ndugu msomaji. Kidonda cha panya ni kidonda kama kingine, na kwa mtu huyu kinaweza kumaliza mguu.

Hata mikono haikusalimika. Kati ya mwaka 1998 na 2002 walionekana Dar es Salaam wagonjwa wa kisukari waliovimba mikono na kuoza baada ya mkwaruzo mdogo au kuumwa na mdudu. Wapo waliopoteza vidole, na wapo waliofariki. Wengi walichelewa kufika hospitali.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulianzishwa mpango wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kutunza miguu ya wagonjwa wa kisukari. Uliitwa Hatua kwa Hatua. Shabaha yake ilikuwa kwamba mtu wa mkoani asisubiri kusafirishwa mpaka Muhimbili ndipo kidonda chake kioshwe vizuri. Kwa maoni yetu hilo ni jambo la maana kuliko mashine nyingi za gharama.

JE, UKISHUSHA SUKARI, DAMU INAPITA VIZURI?

Hili ndilo swali kubwa. Jibu ni ndiyo, lakini lazima tulieleze kwa ukweli.

Mwaka 1977 madaktari wa Uingereza walianza uchunguzi mrefu. Waliwafuata watu zaidi ya 5,000 waliokuwa wamegunduliwa kuwa na kisukari hivi karibuni. Kundi moja lilitunzwa kwa njia ya kawaida ya wakati ule. Kundi lingine lilisaidiwa kushusha sukari zaidi. Majibu yalitangazwa mwaka 1998. Katika kundi lililoshusha sukari zaidi, madhara ya vishipa vidogo yalipungua kwa robo. Yaani pale ambapo wangeumia watu 4, waliumia 3.

Je, mishipa mikubwa, ile ya moyo? Mwaka huo 1998 faida yake haikuonekana wazi. Waliendelea kuwafuata kwa miaka mingine 10. Ndipo ikaonekana kwamba wale waliotunza sukari mapema walipata mshtuko wa moyo kwa uchache kuliko wenzao. Mshipa una kumbukumbu. Miaka ya mwanzo ukiitunza, faida hukufuata. Ukiipoteza, hasara nayo hukufuata.

Uchunguzi huohuo ulionyesha jambo jingine. Wagonjwa wa kisukari walioshusha vizuri shinikizo la damu walipunguza kiharusi kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo usitunze sukari peke yake. Pima na shinikizo la damu. Na kama unavuta sigara, elewa kwamba kila sigara inabana mishipa ileile unayojaribu kuiokoa.

Mshipa ulioziba kabisa haufunguki kwa kushusha sukari tu. Ganzi ya miaka mingi mara nyingi haiondoki. Lakini uharibifu unaweza kupunguzwa mwendo. Na mwenye kidonda akishusha sukari, askari wa mwili wanaamka, na kidonda kinapata nafasi ya kufunga.

NAMBA ZA KUJUA

Wewe uliyejifunza kusoma namba, hapa ndipo zitakapokufaa. Mganga akikutoboa kidole na kukupima kwa mashine ndogo, mwulize, "Namba ni ngapi?" Usikubali kuambiwa "iko sawa" tu. Andika namba na tarehe katika daftari.

Mtu ambaye hajala tangu usiku akikutwa na 7 au zaidi, hupimwa tena kuhakikisha kama ana kisukari. Kwa mgonjwa anayetibiwa, wengi hushauriwa wawe kati ya 4 na 7 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kula. Wazee sana, wajawazito na wenye magonjwa mengine huweza kupewa namba tofauti. Shika ile uliyopewa na mganga wako.

Kuna wagonjwa wajanja. Wiki nzima wanakunywa soda. Siku mbili kabla ya kliniki wanafunga. Kidole kikitobolewa, namba ni nzuri. Lakini kuna kipimo kingine ambacho hakidanganyiki. Chembe nyekundu ya damu huishi karibu miezi minne. Muda wote huo sukari inanata juu yake. Maabara ikipima sukari iliyonata, inajua ulivyoishi miezi miwili mitatu iliyopita. Kipimo hicho huitwa HbA1c. Wagonjwa wengi hutakiwa wawe chini ya asilimia 7. Si hospitali zote zinacho, lakini uliza.

Sukari ikishuka chini ya 4 nayo ni hatari, hasa kwa anayechoma insulini au anayekunywa vidonge vya kushusha sukari. Mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, moyo hupiga mbio, husema maneno yasiyoeleweka. Watu sokoni hudhani amelewa. Mpe mara moja maji yenye sukari vijiko vitatu au soda yenye sukari, kisha chakula. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni. Mkimbize hospitali.

CHAKULA NA MWENDO

Kuna maneno yanayosemwa mitaani ambayo si kweli. Husemwa kwamba ugali wa dona hauna sukari. Unayo, ila hauipandishi haraka kama sembe, na kipimo bado ni kipimo. Husemwa kwamba asali ni dawa. Asali ni sukari. Juisi ya miwa, hata iliyotiwa tangawizi na ndimu, ni sukari tupu. Matunda ni mazuri, ukila moja na si sinia zima.

Sahani yako igawe hivi. Nusu iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, bamia. Robo iwe ugali au wali. Robo iwe maharage, dagaa, samaki au nyama kidogo. Kwa mtu aliyezoea mlima wa ugali na mboga ya kuchovya, huku ni kugeuza sahani juu chini. Ndivyo ilivyo.

Baada ya kula tembea. Misuli inayotembea huvuta sukari kutoka katika damu hata insulini ikiwa kidogo, na mishipa hujifunza tena kupanuka. Nusu saa kwa siku yatosha kuanzia. Mwenye kidonda cha unyayo asitembelee kidonda. Huyo apumzishe mguu mpaka mganga amruhusu.

Dawa usiiache kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unaimeza.

ANGALIA MIGUU YAKO

Kila jioni, kabla ya giza, osha miguu kwa maji ya kawaida na sabuni. Kausha vizuri kati ya vidole. Kisha tazama. Tazama juu, chini, kisigino, katikati ya vidole. Kama huwezi kuinama, weka kioo sakafuni, au mwite mjukuu akutazamie. Macho yake ni mazuri kuliko yako. Tafuta mchubuko, lengelenge, ufa, wekundu au weusi. Usikate sugu kwa wembe.

Usichovye miguu katika maji ya moto yenye chumvi, ingawa wazee wengi hupenda dawa hiyo. Mguu wenye ganzi hausikii moto. Wako watu waliojibabua ngozi yote kwa njia hiyo. Usiote moto kwa miguu pia.

Usitembee pekupeku, hata ndani ya nyumba. Katambuga za tairi ni imara, tunazisifu, lakini hushikiliwa kwa misumari. Msumari ukichomoza huwezi kuusikia. Ingiza mkono na upapase kabla hujavaa, kila siku, viatu vya aina yoyote. Usiku lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, na usilale na mabaki ya chakula chumbani. Chandarua kinazuia mbu, na panya pia hupata kazi.

Mguu ukiwa wa baridi kuliko mwenzake, au umebadilika rangi, au nyama ya nyuma ya mguu ikikaza unapotembea na kuachia unaposimama, huenda damu haifiki. Nenda ukapimwe. Mganga ataweka vidole vyake juu ya mguu wako, kutafuta mapigo ya damu. Atakugusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki, unaofanana na wa kuvulia samaki, huku umefumba macho, aone kama unahisi.

Ukipata kidonda, hata kidogo kama punje ya mtama, osha kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi, na uende zahanati siku hiyohiyo. Usitie majivu, mafuta ya breki wala unga wa vidonge. Kama ni msumari, uliza habari ya chanjo ya pepopunda. Mguu ukivimba, ukinuka, au ukipata homa, usisubiri asubuhi. Na ukifika kwa mganga, vua viatu vyote viwili, hata kama kidonda ni kimoja. Mwambie autazame na ule mguu mwingine.